Kabla ya kisu cha tohara, tuulize kukeni

Chai tunayokunywa asubuhi hapa Mombasa kwa mahamri na mbaazi, huenda ilichumwa Boito. Si wengi wetu tunaopajua. Ni wadi ya Konoin, kaunti ya Bomet, kwenye milima ya chai inayopakana na Kericho. Majani huchumwa kule, husindikwa viwandani kule kule, kisha chai hushushwa kwa malori hadi maghala ya Shimanzi na kuuzwa kwenye mnada hapa mjini kwetu. Mimi nimekuwa karani wa ghala moja kwa miaka mingi na chai ya Konoin nimeihesabu mpaka nimechoka. Boito yenyewe, hata hivyo, niliiona kwa macho yangu mara ya kwanza Desemba iliyopita, pale rafiki yangu tuliyefanya kazi pamoja aliponialika kwao baada ya kustaafu.

Desemba kwa Wakipsigis ni msimu wa tohara. Shule zimefungwa, wavulana wa rika moja huenda jandoni pamoja, na karibu kila boma lina shughuli. Boma la rafiki yangu lilikuwa kimya. Mpwa wake, kijana wa miaka 13, alikuwa amekaa nje ya nyumba, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda, goti limevimba kama kitale. Hakuanguka wala hakupigwa. Siku mbili kabla alikuwa amebeba ndoo ya maji, basi.

Alinisalimu kwa adabu, kisha akamgeukia rafiki yangu. "Mjomba, na mimi lini?"

Hakuna aliyemjibu. Nilidhani wanamcheleweshea karo au sherehe. Usiku, baada ya chakula, mama yake ndiye aliyenieleza, na ninaandika haya kwa ruhusa yake.

Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alitahiriwa miaka kadhaa iliyopita pamoja na wenzake. Wenzake walipona. Yeye alitoka damu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walimfunga vitambaa, wakambadilishia, wakaambiwa wasubiri. Alipofikishwa hospitali hakuwa na damu ya kutosha mwilini, akafariki. Mazishini watu walinong'ona kuwa mama ana mkosi. Wengine walisema kijana alikuwa ameficha kosa, na tohara imelifichua.

Huyu wa pili alipoanza kutambaa alipata mabaka meusi magotini na kifuani, kila mahali aliposhikwa. Mama akampeleka kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, akaulizwa mbele ya watu kwa nini anampiga mtoto mchanga. Alirudi nyumbani akilia, na kwa miaka mitatu hakumpeleka tena mtoto kokote. Mpaka alipong'oka jino la utotoni, damu ikakataa kukoma, wakaenda kwingine usiku. Daktari kijana aliyekuwa zamu hakuanza kwa kumlaumu. Aliuliza swali moja: "Mama, kwenu wewe, kwa upande wa mama yako, kuna mwanamume aliyewahi kutoka damu sana?"

Nyanya wa mtoto alikuwepo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa na ndugu wawili wa kiume. Mmoja alifariki akiwa kijana baada ya kung'olewa jino. Wa pili aliishi, lakini goti lake halikukunjika tena hadi alipokufa. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja na kifo cha mjukuu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Sampuli ya damu ilipelekwa kupimwa. Jibu lilikuwa himofilia A, ya kiwango kikali.

Ndugu msomaji, huu ni ugonjwa gani? Mtu akijikata, mwili huziba jeraha kwa kazi ya protini kadhaa zinazoamshana moja baada ya nyingine, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo nyumba inapowaka moto. Akikosekana mmoja katikati ya mstari, maji hayafiki. Madaktari huzipa protini hizo nambari na kuziita faktori. Anayekosa faktori ya 8 ana himofilia A, anayekosa ya 9 ana himofilia B. Akiwa nayo chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kawaida, hali yake ni kali. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko yako na yangu. Hutoka kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingi hutokea ndani, pasipoonekana: gotini, kwenye kiwiko, kifundo cha mguu, na mahali pa kuogopewa kuliko pote, kichwani. Goti likijaa damu mara kwa mara huharibika, na kijana huwa kilema kabla hajafika miaka 20.

Maagizo ya kutengeneza faktori hizi mbili yamo kwenye kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na kasoro, ya pili kwa kawaida humsitiri. Mwanamume ana X moja tu, aliyoipata kwa mama yake. Ikiwa na kasoro, hana ya akiba. Mama anayebeba kasoro hiyo, kila mtoto wa kiume anayemzaa ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuugua, na kila binti ana nusu kwa nusu ya kuibeba kama yeye. Baba mwenye himofilia hawapi wanawe wa kiume ugonjwa huo, lakini mabinti zake wote huibeba. Ndiyo maana unaweza kuruka vizazi, ukapita kimya kimya kwa nyanya na kwa mama, kisha ukaonekana kwa mjukuu.

Sisi wa Pwani tunaijua selimundu, na tumeshazoea kusikia kwamba mtoto huipata akirithi kwa baba na mama wote wawili. Hii njia yake ni nyingine, na hapa ndipo maneno huanzia. Tukisema inapita kwa mama, kuna watakaosikia kwamba ni kosa la mama. Mama hakuichagua X yake. Huenda alipewa na mama yake, huenda alipewa na baba yake. Tena, karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo, kasoro imeanza kwa mtoto mwenyewe au kwa mama yake. Kumwachisha mke kwa sababu hii ni dhuluma, na nimesikia huko Boito kwamba dada wa rafiki yangu alinusurika kuachwa kwa sababu tu mumewe alikaa na yule daktari saa nzima akaelezwa.

Jambo hili si geni duniani. Katika karne ya 2, wanazuoni wa Kiyahudi waliamua kwamba mama aliyefiwa na watoto wawili kwa tohara, wa tatu asitahiriwe. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu mkubwa wa Andalusia aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika habari za wanaume wa kijiji kimoja waliokuwa wakitoka damu hadi kufa kwa majeraha madogo. Malkia Victoria wa Uingereza aliibeba kasoro ya himofilia B, ikafika hadi kwa Alexei, mrithi wa mfalme wa Urusi. Walioandika zamani hawakuwa na darubini wala maabara. Walichokuwa nacho ni kuuliza habari za ukoo na kuweka vifo pamoja.

Sasa tuitazame hesabu. Katika wavulana 5,000 wanaozaliwa, takriban mmoja huwa na himofilia A, na himofilia B ni adimu zaidi. Sensa ya 2019 iliwahesabu wanaume zaidi ya milioni 23 nchini Kenya. Gawanya, upate zaidi ya watu 4,600. Bomet ina watu wapatao 875,000, na kwa hesabu hiyo hiyo tungetarajia wanaume wapatao 85. Mombasa ina zaidi ya milioni 1.2, yaani kama 120. Wagonjwa waliotambuliwa nchini ni sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Wengine wako wapi? Baadhi wana hali nyepesi na hawajapata ajali ya kuwafichua. Baadhi wanaitwa vilema. Na baadhi, kama yule kaka mkubwa wa Boito, wamezikwa na sababu haijaandikwa popote.

Kumtambua mgonjwa kunataka kwanza kipimo cha muda wa damu kuganda, kisha kipimo cha faktori yenyewe. Hivi havipatikani kwenye zahanati ya kijiji. Familia ya Boito inakwenda Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo pamoja na Kenyatta ya Nairobi ni miongoni mwa mahali pachache nchini penye kliniki ya ugonjwa huu. Kutoka Boito ni siku nzima ya bodaboda na matatu, na mama huilipa nauli kwa bonasi ya chai, ile bonasi ambayo huko magharibi mwa Bonde la Ufa haikosi malalamiko. Goti linalovuja damu linataka dawa ndani ya saa mbili. Eldoret si mwendo wa saa mbili.

Dawa ipo. Ni faktori yenyewe, iliyokaushwa ndani ya chupa ndogo, huchanganywa na maji safi na kudungwa kwenye mshipa. Kila yuniti 1 kwa kilo ya mwili huongeza faktori ya 8 kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo kijana wa kilo 30 mwenye goti lililovimba anahitaji kama yuniti 600 kwa kuanzia, na baada ya saa 12 nusu yake imeshakwisha mwilini. Ipo pia dawa mpya zaidi ya himofilia A, emisizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili au nne, na huzuia damu kutoka kabla haijaanza. Mtoto anayepata dawa vizuri huenda shule, hucheza, huoa, huzeeka.

Lakini tuulize dawa hii inatoka wapi. Sehemu kubwa ya faktori inayotumika Kenya ni msaada, unaokuja kupitia Shirikisho la Dunia la Himofilia lenye makao Montreal, Kanada. Mwaka 2014 kampuni mbili za dawa, Biogen Idec na Sobi, ziliahidi kutoa hadi yuniti bilioni 1 kwa miaka 10 kwa ajili ya nchi zisizojiweza, na nyingi kati ya hizo zilipitia shirikisho hilo. Tunashukuru, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kikubwa. Ila msaada ni wa mwenye kutoa. Januari 2025 tuliona serikali ya Marekani ikisimamisha misaada yake ya nje kwa sahihi moja, na kliniki za ukimwi hapa kwetu zikabaki kuhangaika. Faktori haikuwa katika fungu hilo, lakini somo ni lile lile. Siku wenye kiwanda wakibadili nia, kijana wa Boito hana pa kulalamika.

Serikali nayo? Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Katiba hiyo hiyo imezigawia kaunti zahanati na hospitali zake, na kuiachia serikali kuu hospitali za rufaa za kitaifa. Mgonjwa wa himofilia anaangukia katikati ya mgawo huo. Anapoumia yuko kwenye kaunti, dawa yake iko kwenye rufaa. Tangu Oktoba 2024 tuko chini ya SHA badala ya NHIF, na sheria yake imeweka mifuko mitatu, wa tatu ukiwa wa dharura na magonjwa sugu na mazito. Mkulima mdogo anatakiwa kulipa angalau shilingi 300 kwa mwezi. Kama kuna ugonjwa sugu, wa kuzaliwa nao, usio na kosa la mtu, ni huu. Faktori iandikwe kwa jina katika mfuko huo na inunuliwe kwa pesa zetu wenyewe, hata kama ni chupa chache kuanzia, ili msaada uwe nyongeza badala ya kuwa uti wa mgongo.

Najua jibu nitakalopewa. Kwamba watu 85 katika kaunti nzima si kitu mbele ya malaria na vifo vya kina mama wakijifungua. Jibu hilo lina uzito, na mwenye kupanga bajeti simwonei wivu. Ila mgonjwa asiyetibiwa naye ana gharama: hulazwa kila mara, huongezwa damu ya watu wengine, kisha hubaki na goti lisilokunjika katika nchi ambayo kazi ni kupanda kilima na kupogoa chai kwa panga. Na hakuna kaunti inayolazimika kubeba peke yake. Bomet na Kericho zimo pamoja katika umoja wa kaunti za eneo la Ziwa. Sisi tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, kaunti 6. Friji moja yenye akiba ya faktori na mashine moja ya kupimia, zikinunuliwa kwa ushirikiano, si ndoto.

Halafu kuna jambo lisilohitaji bajeti hata senti, nalo ndilo lililonifanya niandike. Ni lile swali la yule daktari.

Kwetu Pwani tohara ni sunna na ni ada, wengi hutahiri mtoto akiwa mchanga au mdogo, na siku hizi kwa daktari au muuguzi. Tusijidanganye kwamba hilo limetuepusha. Damu ya mtoto mchanga ni chache zaidi. Basi kabla ya kisu, mwenye kutahiri aulize, na asipouliza, mzazi aseme: Je, kukeni kwa mtoto huyu kuna mjomba, au mjomba wa mama, au binamu, aliyetoka damu kupita kiasi kwa tohara, jino au ajali? Je, kuna mwanamume mwenye viungo vilivyovimba na kukakamaa tangu utotoni? Je, mtoto mwenyewe ana mabaka asiyoyajua mtu chanzo chake, au alivimba sana alipodungwa chanjo? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, tohara isubiri kipimo. Masheikh wetu wanajua vizuri kuliko mimi kwamba dini haimlazimishi mtu kujiangamiza, na naomba walitamke hili msikitini ili wazee wasione haya kuahirisha. Swali halitawanasa wote, kwa kuwa wapo wasio na historia, lakini litawanasa wengi.

Na kwa aliye na mgonjwa nyumbani: akiumia, mpumzishe, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, bana kwa bendeji, inua kiungo, kisha mpeleke hospitali. Akigonga kichwa usisubiri uvimbe, nenda papo hapo. Usimpe aspirini wala dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, maana huzidisha kutoka damu, parasetamoli ndiyo salama zaidi. Asidungwe sindano ya msuli kabla mhudumu hajaambiwa. Hapa Mombasa pa kuanzia ni Hospitali Kuu ya Pwani, omba kupimwa kuganda kwa damu. Na mabinti tusiwasahau. Hedhi inayozidi siku 7 na kumlegeza msichana kwa upungufu wa damu inaweza kuwa dalili ya ugonjwa jamaa wa huu, uitwao Von Willebrand, ambao huwapata wake kwa waume.

Tarehe 17 Aprili kila mwaka, tangu 1989, dunia huadhimisha Siku ya Himofilia. Safari hii ikifika, hospitali na misikiti yetu iitumie siku hiyo kuuliza swali hilo kwa sauti.

Yule kijana wa Boito hajatahiriwa bado. Daktari wake amesema inawezekana, hospitalini, akidungwa faktori kabla na kwa siku kadhaa baadaye. Kinachosubiriwa ni chupa za kutosha kwa siku zote hizo, kwa sababu kuanza na kuishiwa katikati ni hatari kuliko kutoanza. Kabla sijaondoka, rafiki yangu alimjibu hatimaye mbele yangu: "Dawa ikifika, mpwa wangu." Kijana akaitika kwa kichwa, akarudisha mguu wake juu ya kigoda. Wenzake wa rika moja walikuwa wameshakwenda.